Kabla ya kulipa minervali, uliza bei yote

Wadogo zetu mliopata diploma,

Mmepakwa pudra, mmeimba kutoka Major Vangu mpaka Nyawera, motari wamewabeba na kupiga honi bila kuwadai hata franga moja. Ilikuwa haki yenu. Kupita Exetat katika jiji hili, na masomo yaliyokatika juu ya mgomo wa walimu, juu ya risasi, juu ya minervali iliyokosekana, si kitu kidogo. Tunawapongeza kwa roho yote.

Lakini pudra imekwisha kuoshwa. Sasa mazungumzo ya jioni nyumbani ni mengine. Papa anauliza unataka kusoma nini. Mjomba wa Panzi anasema sheria, sababu yeye anataka avoka katika jamaa. Shangazi anasema tiba. Wewe mwenyewe unataka kwenda pale rafiki zako wanaenda. Wote wanajadili jina la fakulte, na hakuna hata mmoja anayeuliza swali ambalo nyumba yetu ilipashwa kuuliza mapema: itatugharimu ngapi, yote, kuanzia siku ya kujiandikisha mpaka siku ya kutoka na karatasi mkononi?

Mimi ninayeandika niko na lisansi. Niko pia shomeri, kama wengi wenu mnavyojua: asubuhi natembeza CV, mchana nauzisha unite chini ya mwavuli. Siandiki ili kuwakatisha tamaa. Kusoma sikujutii. Kitu ninachojutia ni namna tulivyoanza.

Mwaka nilipopata diploma yangu, papa aliuzisha ng'ombe kule Walungu. Mama alichukua zamu yake ya likelemba, pesa ya sambaza ya miezi mingi. Tukaenda mimi naye mpaka kwenye chuo ambacho sitakitaja, tukauliza bei, wakatuambia: dola 230 kwa mwaka, inalipwa kwa vipande 3. Mama akahesabu kwa vidole, akasema tutaweza. Tukalipa kipande cha kwanza, tukapewa bordero, tukarudi nyumbani kwa miguu tukicheka.

Ndani ya miezi miwili ikaanza ile ingine. Silabusi ya kozi hii, silabusi ya kozi ile. Pesa ya kadi ya mwanafunzi. Pesa ya laboratwari ambayo tuliingia mara moja tu. Pesa ya kutembelea kiwanda. Kisha pesa ya kuandikishwa kwa mtihani, na tena pesa ya kuandikishwa kwa sesio ya pili. Kila moja ilikuwa kidogo, dola 5, dola 10, na kila moja ilikuja na tarehe ya karibu: kesho, keshokutwa. Mama alikuwa na daftari ya mauzo yake. Nyuma ya daftari ile aliandika kila kitu alichonipa. Mwisho wa mwaka tulijumulisha: dola 371.

Dola 141 hazikuwa katika hesabu ya ng'ombe. Asubuhi ya mtihani wa kwanza nilikuwa nadaiwa bado dola 40. Mlangoni kulikuwa karatasi ya majina, jina langu halikuwemo. Wenzangu wakaingia, mimi nikakaa kwenye ukuta wa nje na kalamu mbili mfukoni. Nikaenda sesio ya pili, kozi zote kwa mara moja, zingine zikanishinda, nikarudia mwaka. Na pesa ya kurudia mwaka ilikuwa ya mdogo wangu wa kike, aliyekuwa ameandikishwa tayari kwenye sekondari. Alikaa nyumbani mwaka ule. Hajawahi kunilaumu. Ingelikuwa afazali anilaumu.

Sasa kuna watu watasema: vyuo vitaishi namna gani? Tunajua. Serikali inatoa kidogo sana, na pesa ya wanafunzi njo inalipa mafuta ya jenereta, chaki, na sehemu ya mshahara wa walimu. Hatusemi pesa zote hizo ni wizi. Tunasema bei ambayo haukuambiwa ni bei ambayo haukuweza kujitayarishia. Mama anayeuzisha maharagi Nyamugo anakutajia bei ya kikombe kabla hajafungua mfuko. Hatakuambia ukifika nyumbani kwamba kuna pia bei ya mfuko, bei ya kupima, na bei ya kusimama mbele ya meza yake.

Kwa hiyo, kabla bordero ya kwanza haijatoka, nendeni mkaulize. Msiende peke yenu, nendeni na mzazi au na yaya aliyesoma pale. Ulizeni minervali ni ngapi, na kando yake kuna nini ingine: silabusi, staji, mtihani, kazi ya mwisho. Ulizeni kama inalipwa kwa dola ao kwa franga, na kama ni kwa franga, kwa kiwango cha siku gani. Ulizeni ukikosa kipande cha mwisho kitu gani kinafanyika. Mwombe waandike. Kama ofisi inakataa kuandika, hilo nalo ni jibu. Kisha muone wanafunzi wa mwaka wa pili, wale wanaokaa nje kwenye ngazi, muwaulize walilipa ngapi kwa ukweli. Nusu saa na hao ina faida kuliko redio zote zinazopiga matangazo ya vyuo.

Ulizeni pia kama chuo kinatambuliwa na Wizara, na kwa seksio ile unayotaka, si kwa zingine tu. Mabango ni mengi Bukavu kuliko vyuo. Kuna vijana walimaliza miaka yote, kisha diploma yao ikakataliwa kwa sababu chuo hakikuwa na ruhusa.

Na kuna LMD. Sisi wakubwa tulisoma gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 inchi nzima iliingia katika mfumo mpya: lisansi ni miaka 3, krediti 180, ni kusema 30 kwa kila semesta; kisha master miaka 2. Kwa hiyo yaya akikushauri kwa kumbukumbu ya zamani, msikilize kwa heshima lakini uhakikishe. Uliza ukikosa krediti fulani unavuka nazo kama deni ao unarudia, na deni hilo linalipiwa ngapi. Hiyo ingeniokoa mimi.

Nasema kitu kimoja tena, hata kama si cha pesa, sababu kinaangusha watu mingi mwaka wa kwanza. Exetat, kwa sehemu kubwa, ni kuchagua: unasoma swali, unatia alama kwenye jibu moja. Kule mbele hakuna kuchagua. Mwalimu anaingia, anasema saa mbili mfululizo kwa Kifaransa, wewe unaandika mwenyewe kile unachoona ni cha maana. Mtihani ni maswali matatu na karatasi nyeupe. Mimi nilikuwa mjanja wa kutia alama, nilipata asilimia 61, na ile karatasi nyeupe ilinitia uoga kuliko deni. Wiki hizi za kungojea muko na wakati. Sikilizeni habari ya Kifaransa kwenye redio kila jioni na muandike kwa ufupi kile walichosema. Siku ya kwanza itakuwa ovyo. Baada ya mwezi mkono utakuwa umezoea. Ni bure, hata wakati stima haipo, sababu redio ya mawe inatosha.

Tayarisheni pia makaratasi sasa: bultini za miaka miwili ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema, picha. Diploma yenyewe inaweza kuchelewa sana kutoka Kinshasa, kwa hiyo mkachukue cheti cha kupita mtihani shuleni kwenu kabla prefe hajaenda likizo.

Juu ya jina la fakulte, neno fupi. Jiji hili liko na vyuo vikuu, lakini liko pia na Institut Supérieur Pédagogique kwa anayetaka kufundisha, Institut Supérieur de Développement Rural kwa kazi za vijijini, Institut Supérieur des Techniques Médicales kwa uuguzi na laboratwari, Institut Supérieur de Commerce kwa hesabu na biashara. Watu wanasema "ni institut tu", kama vile ni pa walioshindwa. Mimi sijaona mgonjwa anayemfukuza muuguzi kwa sababu hakutoka univerisite. Na kuna INPP, iliyoundwa mwaka 1964, ambako kijana anajifunza umeme, makanika ao useremala kwa muda mfupi na kwa bei ndogo. Jirani yangu mmoja alipitia kule baada ya diploma. Njo yeye anatengeneza umeme wa avenue yetu yote, na mimi mwenye lisansi namwomba anichajie telefone. Sicheki. Kama pesa ya nyumbani inatosha mwaka mmoja tu, ni afazali mwaka mmoja unaoisha kuliko mwaka mmoja wa tatu usioisha.

Lakini haifai mzigo wote ubaki kwa mtoto wa miaka 18 na mama yake. Nusu ya kosa langu lilikuwa la kutouliza. Nusu ingine ilikuwa ya wale waliojua bei yote na wakataja sehemu. Kwa hiyo movema yetu inaomba kitu kimoja kwa kila chuo cha Bukavu, cha Serikali, cha makanisa na cha watu binafsi: kabla ya kuanza kuandikisha, wabandike kwenye valve, ule ubao wa matangazo mlangoni, karatasi moja yenye malipo yote ya mwaka mzima kwa kila seksio, na tarehe ya kila kipande, na mhuri. Na kisichoandikwa pale kisiombwe katikati ya mwaka. Haihitaji bajeti. Inahitaji karatasi, wino na nia.

Katiba iko upande wetu. Kifungu cha 24 kinasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Kifungu cha 27 kinatupa haki ya kuandikia viongozi ombi, mtu mmoja ao kwa pamoja, na kiongozi anapashwa kujibu ndani ya miezi 3. Barua yetu iko tayari. Itaenda kwa komite za usimamizi wa vyuo na kwa viongozi wa elimu ya juu hapa jimboni. Tutaandika tarehe tuliyoifikisha, na siku miezi 3 itakapofika tutatangaza hapa hapa nani alijibu na nani alinyamaza.

Ili barua ile isiwe maneno matupu, tunahitaji bordero zenu. Ninyi mlioko mwaka wa kwanza na wa pili, chukueni picha za risiti zote za mwaka uliopita, hata ile ya dola 2, futeni jina na namba yenu, mtutumie, na muandike kando chuo kiliwaambia ngapi siku ya kwanza. Hatutatangaza jina la mwanafunzi yeyote. Kama mama aliandika nyuma ya daftari, hata ukurasa ule unafaa. Wa mama yangu ndio wa kwanza kwenye faili.