Pampu ya kukamulia: Muuzaji aulizwe lita za hewa, si idadi ya ng'ombe

MKULIMA wa Kinangop aendapo kununua mashine ya kukamulia, jambo la kwanza analoulizwa dukani ni idadi ya ng'ombe wake. Akisema ana wanane, anaonyeshwa mashine ya ndoo moja. Akisema ana kumi na watano, anaonyeshwa ya ndoo mbili. Bei inatajwa, mazungumzo yanageukia usafiri, na mashine inapakiwa kwenye pikapu. Shamba liko mita ngapi juu ya usawa wa bahari, hilo haliulizwi. Pampu nayo haitajwi kabisa.

Hasara nyingi huanzia hapo. Ndoo inayong'aa na vikombe vyake vinne ndivyo vinavyovutia macho, lakini kinachokamua ni pampu. Kazi yake ni kutoa hewa ndani ya mabomba ili kubaki ombwe, na ombwe hilo ndilo linalovuta maziwa kutoka kwenye chuchu. Likiwa hafifu, vikombe huanguka na ng'ombe hubaki na maziwa kiweleni. Likizidi, ncha za chuchu huvimba na kuwa ngumu, na mlango wa viini vya maradhi hubaki wazi. Likipanda na kushuka ovyo, maziwa yanaweza kurudi nyuma kwa kishindo, yakabeba viini kutoka chuchu moja hadi nyingine. Mwisho wake ni ugonjwa wa kiwele, na kila mfugaji anajua maana ya kupoteza robo ya kiwele cha ng'ombe aliyetegemewa kulipa karo.

Jambo hili ni la zamani. William Murchland wa Kilmarnock, Scotland, alipotoa mashine yake mwaka wa 1889, ilivuta mfululizo bila kupumzika, na chuchu ziliumia. Mwaka wa 1895 Alexander Shields wa Glasgow alileta kifaa cha kukatiza uvutaji huo, kama ndama anavyonyonya kisha akameza. Kifaa hicho, palseta, kingali kwenye mashine za leo, kikipiga karibu mara 60 kwa dakika. Hata hivyo, palseta haina uwezo wa kurekebisha pampu isiyofaa.

Mashine nyingi hukamua kwa ombwe la kilopaskali 42 hadi 50, yaani kati ya inchi 12 na 15 kwenye saa za zamani. Tatizo liko kwenye lita za hewa zinazoandikwa kwenye kibati cha pampu, kwa kuwa zinaweza kuwa na maana mbili. Kuna lita ambazo pampu hutoa ikizunguka bure, mdomo wake ukiwa wazi. Kuna pia lita inazotoa ikiwa tayari imevuta hadi kilopaskali 50. Za pili ni karibu nusu ya zile za kwanza, hata pampu ikiwa Mombasa ufuoni. Anayelinganisha pampu mbili bila kujua kila moja ilipimwa vipi analinganisha debe na gunia.

Sasa pampu hiyo ipandishwe hadi Ol Kalou, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Pwani, presha ya hewa ni kilopaskali 101 hivi. Huko juu ni kama 76. Pampu ikivuta kilopaskali 50 pwani, hewa iliyobaki bombani ingali na presha ya 51, nusu ya ile ya nje. Ikivuta 50 hizo hizo Ol Kalou, inayobaki ni 26 tu, theluthi ya ile ya nje. Kila mzunguko, pampu huchota ujazo ule ule. Inapochota hewa nyembamba kiasi hicho, inayotoka ni kidogo. Hesabu ikipigwa, pampu ile ile imepoteza karibu theluthi moja ya uwezo wake njiani, bila hata skrubu moja kulegea. Injini ya petroli inayoizungusha nayo hupungukiwa nguvu, yapata moja kwa tano katika mwinuko huo.

Ng'ombe wa gredi wanaotoa maziwa mengi wamejaa nyanda za juu, kuanzia Limuru hadi Nyandarua na Uasin Gishu. Kuuza pampu kana kwamba zote zinakwenda Kilifi ni kumtwika mfugaji hasara ambayo hakuichagua. Mfugaji wa milimani achukue pampu ya daraja moja juu ya ile iliyopendekezwa, hata ikibidi aache toroli au ndoo ya pili hadi msimu ujao.

Wapo wanaohofu kwamba pampu kubwa itamuumiza ng'ombe. Hofu hiyo ina msingi pale tu ambapo mashine haina kidhibiti, ile vali inayoingiza hewa kidogo ombwe linapofika kiwango kilichowekwa. Kidhibiti kikiwa kizima, pampu kubwa haivuti kwa nguvu zaidi. Huwa tu na akiba. Akiba hiyo ndiyo huokoa kazi kikombe kimoja kinapoteleza, au umeme unapofifia jioni na mota kupunguza mwendo, jambo ambalo walio mwisho wa laini ya stima wanalifahamu sana. Mashine isiyo na kidhibiti wala saa ya kupima haifai kununuliwa kwa bei yoyote.

Kuhusu pampu ya mafuta na ile kavu yenye vibati vya kaboni, ubishi ni mwingi kuliko inavyostahili. Ya mafuta hudumu ikiwa kuna mtu wa kuangalia mafuta kila siku, na moshi wake uelekezwe nje ya banda. Kavu haina usumbufu huo, ila vibati vyake huisha. Kabla ya kulipia, mkulima aulize kama vibati hivyo viko dukani siku hiyo hiyo, avione kwa macho.

Kabla ya kulaumu pampu, hata hivyo, mabomba yakaguliwe. Huko Vermont, Marekani, wagema wadogo wa utomvu wa mti wa maple, unaochemshwa kuwa shira, huuvuta kwa mabomba ya plastiki kutoka mti hadi mti. Baadhi yao hutumia pampu kuukuu zilizotoka kwenye mabanda ya ng'ombe wa maziwa. Mgema mzoefu akiona saa imeshuka, hakimbilii kununua pampu kubwa zaidi. Hutembea kwenye theluji akifuata bomba, akisikiliza mluzi wa hewa na kutazama mapovu yanayokimbia, hadi apate mahali kindi alipotafuna. Banda la ng'ombe halina kindi wa kutafuna mipira, lakini lina panya.

Mipira ya ndani ya vikombe nayo husahaulika, ingawa ndiyo inayogusa ng'ombe. Kipimo cha kawaida ni kuibadilisha baada ya kukamua mara 2,500. Mwenye ng'ombe kumi na seti moja ya vikombe, akikamua mara mbili kwa siku, atafika hapo baada ya siku 125, miezi minne hivi. Hii ni biashara iliyo wazi kwa wenye maduka ya pembejeo: anayeuza mashine huuza mara moja, bali anayeweka mipira, vibati na mafuta ya pampu humwona mteja yule yule mwaka mzima.

Mwenye ng'ombe wanne, na nyumbani kuna watu wawili wanaojua kukamua, hana haja ya mashine bado. Muda atakaookoa kwenye kukamua utaliwa na kuchemsha maji na kuosha vyombo, asubuhi na jioni. Fedha hizo zingefanya kazi zaidi kwenye nyasi na maji.

Kwa anayenunua, masharti yawekwe kwenye malipo. Sehemu ya bei ibaki mfukoni hadi mashine iwashwe shambani kwake, kwa umeme wake au injini yake, katika mwinuko wake. Ombwe likishatulia, kikombe kimoja kiachwe wazi kivute hewa kwa sekunde tano, kisha kizibwe. Mshale wa saa urudi mahali pake katika sekunde chache. Ukisuasua, muuzaji arudi na pampu yake kwenye pikapu.