Lami ya Butembo–Beni isiwasahau watu wa baiskeli

Kutoka Beni kwenda Butembo ni kilomita 54. Kwa mtu aliyeketi ndani ya gari, ni namba tu. Kwa kijana aliyefunga mifuko miwili ya makala nyuma ya kinga yake, ni mlima. Beni iko kwenye urefu wa mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, Butembo inapita 1,700. Tena barabara haipandi mara moja ikamaliza. Inapanda, inashuka bondeni, inapanda tena, inapita Kabasha, inapita Maboya, na kila bonde linamrudisha msafiri chini alikotoka. Penye kupanda, mtu huyo hapandi baiskeli yake, anaisukuma. Penye kushuka, anaomba breki zisikatike, na zikikatika anatumia kandambili juu ya gurudumu.

Hivi ndivyo sehemu kubwa ya chakula cha miji hii miwili inavyosafiri. Ndizi, muhogo, mafuta ya mawese na makala vinatoka upande wa Beni kwenye joto. Viazi, kabichi na vitunguu vya majani vinashuka kutoka milima baridi ya Lubero na pembezoni mwa Butembo. Malori ya Fuso yanabeba mzigo mkubwa, wamotari wanabeba watu na bidhaa za haraka. Lakini kutoka shambani hadi kando ya barabara, kwenye njia ambayo lori haliwezi kuingia, chombo cha mkulima bado ni baiskeli, au kichwa cha mama.

Sasa barabara hiyo iko kwenye mpango wa kubadilishwa. Mwezi Juni 2021, Rais Félix Tshisekedi na Rais Yoweri Museveni waliweka jiwe la msingi mpakani Mpondwe, ng'ambo ya Kasindi, kwa ajili ya barabara tatu zenye jumla ya kilomita 223: Kasindi–Beni kilomita 80, Beni–Butembo kilomita 54, na Bunagana–Rutshuru–Goma kilomita 89. Kazi ilipewa kampuni ya Uganda ya Dott Services, na ilizinduliwa Desemba mwaka huo. Wakaaji wa Butembo na Beni wameisubiri lami hii kwa miaka mingi. Wafanyabiashara wanahesabu siku ambazo lori halitakwama tena kwenye matope. Wagonjwa wanaohamishwa kutoka hospitali moja kwenda nyingine wanahesabu saa. Hakuna mwenye akili timamu anayeipinga.

Lakini kuna swali ambalo halisikiki kwenye hotuba za uzinduzi: mtu wa baiskeli atapita wapi?

Leo, mashimo na matope ndiyo polisi wa barabarani. Dereva wa Fuso hawezi kukimbia, hata akitaka. Siku lami inapofika, polisi huyo anafukuzwa kazi. Lori linaloshuka kutoka Butembo likiwa tupu litashuka kwa kasi ambayo barabara hii haijawahi kuiona. Kwenye kona hizo hizo atakuwapo mtu anayesukuma kinga yenye mzigo mpana kuliko mwili wake, watoto wanaotoka shule, na mama mwenye kuni mgongoni. Kama barabara imemalizwa kwa lami ya magari mawili tu, na mara baada ya lami unakuta mfereji wa saruji, watu hao wana sehemu mbili za kuchagua: mbele ya lori au ndani ya mfereji.

Dawa inajulikana, wala si ya kifahari. Ni ukingo. Mita moja na nusu ya barabara ngumu kila upande, iliyotengwa na njia ya magari kwa mstari mweupe, hasa kwenye miteremko na kwenye kona. Ni dodani mbele ya kila shule na kila soko, kuanzia Maboya na Kabasha. Ni kibao kinachomwambia dereva kwamba anaingia kijijini. Ukingo ukiwekwa wakati mashine ziko kazini, ni nyongeza ya kifusi na siku chache za kazi. Ukikumbukwa baada ya miaka mitano, mlima utalazimika kuchimbwa upya, na huenda asipatikane mtu wa kulipia.

Kuna watakaosema kwamba huu si wakati wa kuzungumzia baiskeli. Wana hoja nzito. Tangu Oktoba 2014 wakaaji wa Beni wanazika watu wao waliouawa na ADF. Hali ya dharura ya kijeshi, iliyoanza Mei 2021, na operesheni Shujaa ya majeshi ya Congo na Uganda, iliyoanza Novemba mwaka huo huo, hazijaondoa woga kwenye njia za mashamba. Upande wa kusini, M23 iliingia katika wilaya ya Lubero, na maelfu ya familia zilikimbilia Butembo. Katika hali kama hiyo, nani ana muda wa kupima ukingo wa barabara?

Jibu ni kwamba watu hao hao wanaouawa mashambani ndio wanaoendesha baiskeli hizo. Si watu wawili tofauti. Familia iliyokimbia inabeba godoro, sufuria na mtoto mdogo juu ya kinga, kwa sababu gari halina nafasi na nauli ya pikipiki haipo. Mkulima wa kakao anayethubutu kurudi shambani kwa saa chache anatoka na mavuno yake kwa kinga hiyo hiyo. Mafuta yakipanda bei, wamotari wanasimama, baiskeli inaendelea. Kumlinda mtu huyo na risasi, halafu kumwacha agongwe na lori kwenye barabara mpya, ni kazi iliyofanywa nusu.

Wengine watasema mtu wa baiskeli halipi kitu, kwa nini atengenezewe njia? Hapa ni vizuri kuangalia hesabu za wahandisi. Kwa kanuni inayotumika sana, uzito ulio juu ya ekseli moja ukiongezeka mara mbili, uharibifu wa barabara hauongezeki mara mbili, unakaribia mara kumi na sita. Kwa maneno mengine, lori lililozidisha mzigo linakula lami, wakati baiskeli haiachi hata alama. Mfuko wa matengenezo ya barabara, FONER, unalishwa na makato ya mafuta na malipo ya kwenye baria za peaji. Ni haki lori lichangie. Si haki mtu mwenye kinga kusimamishwa kwenye baria yoyote, ya nani na ya nani, na kuacha franka zake ama sehemu ya ndizi zake. Wakuu wa majeshi na mameya wa miji hii miwili wana uwezo wa kulimaliza jambo hilo kwa barua moja.

Kuna pia upande ambao watu wa Butembo na Beni huusahau, kwa sababu kwao mlima ni mateso ya kila siku: mahali pengine, mlima ni mali. Julai 2014, mbio za Tour de France zilianzia Leeds, Uingereza, zikapita kwenye vilima vya Yorkshire, katika vijiji vya wafugaji wa kondoo. Wanavijiji walipaka baiskeli kuukuu rangi ya manjano wakazitundika kwenye kuta. Leo watu husafiri kutoka mbali kuja kupanda vilima hivyo, na kila mmoja hula, hunywa na kulala mahali fulani.

Mfano wa karibu zaidi unauma kuutaja. Septemba 2025, Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa na zaidi ya mita 5,400 za kupanda. Miezi saba kabla, mbio za Tour du Rwanda zilipita Rubavu, hatua chache kutoka Goma, iliyokuwa imeangukia mikononi mwa M23 wiki chache tu nyuma. Bunge la Ulaya lilitaka hata mashindano ya Kigali yafutwe ikiwa Rwanda haitabadili mwenendo wake. Mkongomani wa Kivu ya Kaskazini ana sababu zote za kununa akisikia sifa za baiskeli za jirani huyo.

Lakini kununa hakuzuii kuona jinsi jambo lilivyoanza. Halikuanza na uwanja wala na mabilioni. Mwaka 2006, Mmarekani mmoja mtengenezaji wa baiskeli, Tom Ritchey, alisaidia kuandaa mashindano yaliyoshirikisha baiskeli za mbao za wakulima, ndugu wa chukudu ya Goma. Baadaye zilitengenezwa baiskeli ndefu za kubebea kahawa, na ikaundwa timu ya vijana. Mwaka 2012 Adrien Niyonshuti aliendesha kwenye Olimpiki za London. Yaani walianza na baiskeli ya mkulima, ndipo mchezo ukafuata.

Vilima vya Maboya havina upungufu wowote mbele ya vile vya Kigali. Mashariki, siku mawingu yakifunguka, msafiri anaona Ruwenzori yenye mita 5,109. Na kijana anayesukuma makala kutoka bondeni kila wiki ana miguu ambayo kocha yeyote angeitamani. Siku usalama utakaporuhusu, mbio za Beni hadi Butembo, kilomita 54 za kupanda, zingeweza kuandaliwa na mameya, shule na vyuo vya miji hii miwili bila kungoja Kinshasa. Butembo imezoea kutongoja Kinshasa.

Hiyo ni ya kesho. Ya leo ni ndogo zaidi na ya haraka zaidi. Ofisi ya Barabara na kampuni inayojenga watoe hadharani ramani ya barabara, ili wakaaji wajue ukingo utakuwa na upana gani na dodani zitawekwa wapi. Mashirika ya raia, ambayo hupaza sauti kila kazi inapochelewa, yapaze sauti pia juu ya namna kazi inavyofanywa. Na viongozi watakaokuja kukata utepe waombwe jambo moja tu: kabla ya kurudi kwenye magari yao, watembee kwa miguu mteremko mmoja wa Kabasha, saa ya soko, pamoja na mtu mwenye kinga iliyobeba mzigo, huku malori yakipita.