Fukuto Si Joto Tu

Kuna neno ambalo sisi wa lugha tumewaachia washairi, ilhali wenzetu wa maabara wanalihitaji zaidi. Neno hilo ni fukuto.

Washairi hulitumia kwa mapenzi na hasira, lakini maana yake ya msingi ni ya vitu: joto lisilo na mwali, linalotoka ndani ya kitu chenyewe. Lundo la majani mabichi hufukuta. Hakuna aliyeliwashia moto, lakini ukiingiza mkono katikati utautoa haraka.

Hali hiyo ndiyo inayowasumbua watengenezaji wa vimeng'enya vya viwandani. Mwaka 1894 Mjapani Jokichi Takamine alipata hataza Marekani kwa njia ya kuotesha kuvu ya Aspergillus oryzae juu ya pumba za ngano ili apate kimeng'enya kinachovunja wanga. Njia hiyo ingali inatumika. Kuvu hiyo hustawi kwenye nyuzi 30 hadi 35 hivi. Lakini inapokula na kupumua hutoa joto lake yenyewe, na pumba hazipitishi joto vizuri. Chumba kinaweza kuwa na nyuzi 30 huku katikati ya tabaka nene mkiwa zaidi ya 45. Hapo kuvu hudhoofika, na mavuno ya vimeng'enya hupungua.

Sasa tazama maelekezo ya Kiswahili yanavyoandikwa mara nyingi: "Hakikisha joto ni nyuzi 30." Joto lipi? Mwanafunzi mtiifu atatundika kipimajoto ukutani, asome 30, aende kulala. Ametii sentensi, na kazi imeharibika. Hatuwezi kumlaumu, kwa sababu sentensi haikumwambia kwamba kuna majoto mawili.

Napendekeza tugawe kazi kati ya maneno matatu tuliyo nayo tayari. Joto libaki jina la jumla. Halijoto iwe kile kinachosomwa kwenye kipimajoto. Fukuto liwe joto ambalo kiumbe hai hutoa kinapochachusha. Sentensi ya awali itakuwa: "Pima halijoto katikati ya pumba, fukuto likiipandisha kupita nyuzi 35, zigeuze au zipeperushie hewa." Mwenye kusoma hivyo anajua achome wapi kipimajoto, na kwa nini.

Tena fukuto ni habari, si kero tu. Kwa kila moli ya oksijeni inayotumiwa, vijidudu hutoa karibu kilojuli 450 hadi 500. Kwa hiyo fukuto likipanda, kuvu inakua kwa kasi. Likishuka polepole, huenda chakula kinaisha. Likizimika ghafla, kuna tatizo. Anayelifuatilia anasikiliza pumzi ya kuvu.

Wapo watakaosema: masomo ya sayansi tunayasoma kwa Kifaransa, na mtihani ni wa Kifaransa, ya nini taabu hii? Nakubali kuhusu mtihani. Lakini hata Kifaransa kinatenganisha chaleur na température, nasi tukivitafsiri vyote viwili kwa "joto" tunapoteza tulichofundishwa darasani. Pia si kila anayechachusha amesoma Kifaransa. Hapa Katanga, mama anayepika munkoyo husubiri uji wa mahindi upoe kiasi ndipo atie mizizi iliyopondwa. Mizizi hiyo ina kimeng'enya kinachovunja wanga, na uji mzito hugeuka mwepesi na mtamu. Akiitia uji ukichemka, kimeng'enya hufa na uji hubaki mzito. Joto analolichunga pale ni la jiko, linalotoka nje na kushuka. Siku akitaka kuotesha kuvu juu ya pumba, atakutana na joto linalotoka ndani na kupanda. Tukimpa neno moja kwa yote mawili, tumemtega.

Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba yetu ya 2006. Heshima hiyo haitoshi ikiwa lugha haiwezi kumwambia mtu achome kipimajoto wapi. Kwa hiyo, wenzangu, kabla ya kubuni istilahi mpya au kukopa, tuwaulize wa maabara wanakwama kwenye sentensi gani, kisha tufungue kamusi pamoja nao. Tuanze na fukuto.