KUMWONDOA DHALIMU SI KUIPATA SERIKALI

Wako wasemao kuwa serikali dhalimu katika nchi jirani yapaswa kuangushwa mara moja. Wako na wajibuo kwamba utulivu ni bora, kila nchi iachiwe mambo yake. Wote husema kwa wepesi. Sisi Watanzania tuliyajaribu yote mawili kwa Idi Amin, na gharama yake twaijua.

Mwaka 1972 wafuasi wa Obote walivuka mpaka kutoka kwetu ili wampindue Amin, wakashindwa. Oktoba ya mwaka huo ukatiwa sahihi Mkataba wa Mogadishu, nasi tukaishi naye miaka 6. Huo ndio uliokuwa utulivu! Waganda waliendelea kuuawa, na mwaka 1975 muuaji wao akakalia kiti cha Mwenyekiti wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Tanzania ilikataa kuhudhuria mkutano ule wa Kampala. Kisha, Oktoba 1978, majeshi yake yakatuvamia, yakaua na kupora, naye akatangaza kuwa ardhi yetu yote hadi Mto Kagera ni yake.

Kwa hiyo hatuioni haya tarehe 11 Aprili 1979, siku Kampala ilipotekwa. Walioilaumu Tanzania katika mkutano wa Monrovia mwaka huo walikuwa wakiutetea utulivu wa makaburini.

Lakini ninyi wafanya kazi mliofunga mikanda baada ya vita mna haki ya kuuliza yaliyofuata. Kumfukuza Amin kulichukua miezi; kumpata wa kushika mahali pake kulichukua miaka. Lule alitawala siku 68. Binaisa akaondolewa Mei 1980. Uchaguzi wa Desemba ukazua vita vya Luwero, na Waganda wengi wakafa tena, safari hii Amin akiwa mbali uhamishoni. Askari wetu walibaki huko hata 1981, wala haikutosha. Wakimbizi waliokutana Moshi Machi 1979 waliunganishwa na adui mmoja tu, nasi tukawadhania kuwa wamekwisha kuwa serikali. Hapo ndipo tulipokosea.

Mambo haya dunia iliyaona. Hata hivyo, NATO ilipowasaidia wapinzani kumng'oa Gaddafi mwaka 2011 (yule yule aliyempelekea Amin askari), ilimaliza kazi yake 31 Oktoba, siku 11 baada ya yeye kuuawa. Umoja wa Afrika ulikuwa umetaka mapigano yasimamishwe, watu wazungumze, haukusikilizwa. Ulipofika mwaka 2014 Libya ilikuwa na serikali mbili zinazopigana.