Picha Bila Tarehe na Mahali Si Rekodi

Heterosphecia tawonoides ni nondo wa buluu mwenye mabawa angavu kama kioo, anayejifanya nyuki. Tangu 1887 alijulikana kwa mdudu mmoja tu aliyekaushwa, kutoka Sumatra. Mwaka 2013 Marta Skowron Volponi alimkuta Malaysia, kando ya mto, akamnasa kwa video. Hapo ndipo watu walipoona anavyoruka kama nyuki. Mdudu mkavu hawezi kueleza hayo.

Sisi waandishi wa programu tunajua: data isiyo na tarehe wala mahali haina kazi. Ukipiga picha ya mdudu usiyemjua, washa GPS, kisha uhifadhi faili asilia. Picha ikipitia WhatsApp kwa njia ya kawaida, maelezo hayo hufutika. Misitu inakatwa, haitatungoja miaka mingine 126.