Chetambe iko karibu kuliko Fort Jesus

Muhula wa shule unapokaribia kukatika, barabara kuu itokayo Malaba kwenda Nairobi hufurika mabasi ya manjano. Ndani yake mna wanafunzi wa Bungoma, Kakamega na Trans Nzoia wanaokwenda Mombasa kuiona Fort Jesus na, wakibahatika, kutia miguu katika maji ya bahari kwa mara ya kwanza maishani mwao. Sina kinyongo na safari hizo. Mtoto aliyezaliwa Kimilili ana haki ya kuiona bahari kama alivyo nayo mtoto wa Kisauni. Ninachohoji ni mpangilio wa mambo. Basi hilo lililokodiwa kwa fedha nyingi ili liende karibu kilomita 900 hupita Webuye alfajiri, chini ya vilima vya Chetambe, na wala hapana mwalimu anayewaambia wanafunzi wainue vichwa watazame juu.

Juu ya vilima hivyo palikuwa na ngome. Wabukusu huiita ngome ya namna hiyo lukoba, na zikiwa nyingi ni chingoba: ukuta wa udongo uliozunguka makazi, na nje ya ukuta mtaro wa kumzuia adui. Haikujengwa kwa mawe ya matumbawe kama majengo ya pwani, na ndiyo sababu mvua na jembe vimeila kwa wepesi. Mwaka 1895, baada ya askari wa Kisudani waliotumwa kutoka Mumias kuuawa katika nchi ya Wabukusu, serikali ya Kiingereza iliandaa msafara wa kulipiza kisasi. Aliyesimamia utawala huko Mumias alikuwa C. W. Hobley, na pamoja na askari wa serikali walikuwako wapiganaji wasaidizi, wakiwemo Waganda. Ngome ya Lumboka ilianguka kwanza. Watu waliosalimika wakapanda Chetambe, na huko nako wakafuatwa. Mikuki na ngao zilikabiliana na bunduki za kisasa, na matokeo yake msomaji anaweza kuyakisia bila msaada wangu.

Hobley aliishi akaandika kumbukumbu zake, zikachapishwa mwaka 1929, na yeyote mwenye kadi ya maktaba ya chuo kikuu anaweza kuzisoma. Walioshambuliwa hawakuandika kitabu. Habari zao zimo vinywani mwa wajukuu na vitukuu, na wajukuu hao leo ni vikongwe wa miaka themanini na zaidi. Ama kwa hakika hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Upande mmoja wa vita vile umehifadhiwa katika karatasi, upande wa pili umehifadhiwa katika vifua vya watu ambao hatuna hakika ya kuwa nao mwaka ujao.

Miaka michache iliyopita niliwachukua wanafunzi wangu wa isimu kwenda Chetambe. Nia yangu haikuwa vita bali majina ya mahali, kwa maana jina la mahali ni ushahidi ambao hauhitaji kibali cha mtu kuuchunguza. Mzee mmoja alituongoza. Alipotusimamisha kando ya bonde dogo lililoota nyasi na kutuambia kwamba huo ndio mtaro wa ngome, kijana mmoja aliguna. Alikuwa mwenyeji wa sehemu hizo. Alitueleza kwamba alipokuwa mdogo alilisha ng'ombe katika mtaro huo miaka mingi, na siku zote alidhani ni mfereji uliochimbwa na mabwana shamba wa kikoloni ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kijana huyo alikuwa amefaulu vizuri sana somo la historia katika mtihani wa kidato cha nne. Aliweza kunitajia mwaka Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus, 1593, pasipo kusita.

Baadhi ya wasomaji watasema, na nimekwisha kuambiwa hivyo ana kwa ana, kwamba Chetambe hapana cha kuona. Ni kweli kwamba anayetarajia minara na mizinga atarudi nyumbani amenuna. Lakini kuona ni kazi inayofundishwa. Katika mashamba ya Trans Nzoia na Uasin Gishu mna mashimo ya mviringo, mengine yamezungushiwa mawe, ambayo wenyeji huyaita ya Wasirikwa. Watu wengi waliyadhania kuwa nyumba za kale. Mtafiti J. E. G. Sutton, aliyezunguka nyanda hizo katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba mengi yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na nyumba za watu zilikuwa pembeni. Mtu asiyejua hilo huona shimo. Anayejua huona mji mzima wa wafugaji, njia ya ng'ombe kuingilia, na samadi ikitupwa nje mwaka baada ya mwaka hadi ikawa kichuguu. Na dereva wa trekta asiyejua husawazisha shimo hilo asubuhi moja ili apate ekari robo zaidi ya mahindi. Hatuwezi kumlaumu, maana hakuna aliyemwambia.

Kitale, kwa bahati njema, wanayo makumbusho yanayojulikana. Asili yake ni ya ajabu kidogo. Hugh Stoneham, mwanajeshi na mlowezi wa Kiingereza aliyependa kukusanya vipepeo, ndege na vitabu kwa shauku isiyo na mwisho, alianzisha makumbusho yake binafsi mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966 aliuachia umma mkusanyo wake, na jengo jipya likafunguliwa mjini mwaka 1974, likiwa miongoni mwa makumbusho ya kwanza ya bara nje ya Nairobi. Leo mgeni hukuta humo wadudu wa Stoneham wakiwa wamechomwa pini kwa mpangilio, na pia vifaa vya watu wa magharibi ya Kenya, mifano ya maboma ya kienyeji, nyoka, kobe, na kijia kipitacho katika msitu mdogo wa miti ya asili. Msitu huo peke yake watosha kuwa sababu ya safari. Mtoto wa mjini Kitale anaweza kusimama ndani yake akafahamu Trans Nzoia ilikuwaje kabla ya mahindi.

Hata jina hilo Trans Nzoia ni somo. Maana yake ni ng'ambo ya mto Nzoia. Ng'ambo kwa nani? Bila shaka si kwa aliyekuwa akiishi huko, kwani hakuna mtu anayeishi ng'ambo ya kwao. Jina hilo lilitolewa na watu waliosimama upande wa pili wakitazama ardhi waliyoitamani.

Nalo jina la Kitale lina masimulizi yake. Wageni huambiwa kwamba mji huo ulikuwa kituo cha misafara ya watumwa, ukiitwa Quitale, na kwamba duara la mawe lililoko kwenye klabu ya mji ndipo mateka walipofungiwa. Kama mwanaisimu naona shaka. Mwandiko huo wa Q na U kufuatana si wa Kiswahili wala si wa lugha yoyote ya wenyeji wa mlima Elgon. Ni nguo za kigeni alizovikwa neno la Kiafrika. Na kama ni kutafuta asili kwa kusikiliza mlio tu, basi Mswahili wa pwani angedai kwamba mji huo ni wake, maana kitale kwake ni nazi changa iliyopita kidaka na haijawa dafu, ijapokuwa sijaona mnazi hata mmoja uliostawi kati ya Kiminini na Endebess! Lakini shaka yangu haimaanishi kwamba duara lile lisitembelewe. Kinyume chake, laiti walimu wangewapeleka wanafunzi pale wakawauliza: tunajuaje kwamba hadithi hii ni ya kweli? Nani aliisimulia kwanza, na kwa faida ya nani? Mwanafunzi atakayerudi darasani na maswali hayo amepata zaidi ya yule aliyenunua kofia ya ukindu Mombasa.

Bungoma nayo ina mzozo wake wa jina. Wako wanaolitoa katika ngoma. Wako wanaolitoa kwa Wabong'omek, watu wa jamii ya Wasabaot waliokuwa wakiishi huko. Mimi naelekea upande wa pili, ila jambo ninalotaka msomaji alione ni hili, kwamba jina la wilaya ya zamani inayodhaniwa na wengi kuwa ya Wabukusu yamkini limetoka kwa jirani wa Kikalenjin. Tena tazama marika ya Wabukusu wanaotahiriwa pamoja: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa. Kisha mwulize mzee wa Kikalenjin akutajie marika ya kwao. Atakutajia Maina, Chumo, Sawe na Nyongi. Majina hayo hayakusafiri peke yake angani. Walikuwako watu walioishi pamoja, wakaoana, wakaibiana ng'ombe na kutahiriana, kwa muda mrefu kiasi cha kuhesabu vizazi kwa kalenda moja.

Sisemi haya kwa ajili ya kupamba ukurasa. Sehemu hizi zimemwaga damu. Mapigano ya kikabila ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yaliwafukuza watu wengi makwao katika Trans Nzoia na Mlima Elgon, na kati ya mwaka 2006 na 2008 Mlima Elgon uliumia tena kwa ugomvi wa ardhi. Katika nyakati zote hizo waliochochea walitumia historia: nani alikuja kwanza, nani mgeni, nani arudi kwao. Kijana asiyewahi kuonyeshwa historia ya mahali alipozaliwa huipokea kutoka kwa mtu wa kwanza mwenye kipaza sauti. Hata Chetambe yenyewe inagombewa. Watachoni husema aliyeijenga na ambaye jina lake limebaki ni mtu wao; Wabukusu huihesabu katika vita vyao. Wapo wanaoona afadhali mahali penye ugomvi wa namna hiyo paachwe pafunikwe na nyasi. Mimi naona kinyume. Pawekwe kibao, na kibao kiseme kwamba pande mbili zinasimulia hivi na hivi. Watu wazima wanaweza kustahimili kibao chenye maelezo mawili.

Kuhusu vibao, niongeze neno moja la kitaaluma. Nimeingia katika makumbusho kadhaa ya nchi hii, ambayo sitayataja, nikakuta ala imewekwa nyuma ya kioo na chini yake imeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni ala ya nyuzi. Ala hiyo ina jina. Ni litungu. Yenye uzi mmoja ni siilili. Kengele anazopiga kijana anayekwenda kuwaalika jamaa zake tohara ni chinyimba. Kifaa kikinyang'anywa jina lake kimekufa mara mbili, na bibi mwenye kukijua aliyekuja na mjukuu hupita mbele yake kimya akidhani ni kitu cha watu wengine.

Sheria haitunyimi nafasi. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliziachia kaunti kazi ya makumbusho, na ikaiachia serikali ya kitaifa makumbusho ya kale yenye umuhimu wa kitaifa. Mpango huo una mwanya, nao ndio unaotumaliza. Chetambe ikidharauliwa Nairobi kuwa ni jambo la Bungoma, na ikidharauliwa Bungoma kuwa ni kazi ya Nairobi, itabaki kuwa malisho. Vivyo hivyo kuhusu Malakisi, ambako Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wa Dini ya Msambwa na kuua watu 11. Kiongozi wa dini hiyo, Elijah Masinde, aliyekuwa amewahi kuichezea Kenya kandanda, alikamatwa mwaka huo akapelekwa kifungoni Lamu, asiachiliwe hadi mwaka 1961. Watalii huenda Lamu kwa ndege kutazama milango yenye nakshi. Ni wangapi kati ya wanafunzi wa Kimilili wanaojua kwamba jirani yao alikaa huko kwa sababu isiyohusiana na utalii?

Walimu wakuu hunijibu kwamba gharama ni kubwa na mtihani u karibu. Kuhusu gharama, hesabu yenyewe inawasuta. Basi la kwenda Mombasa lahitaji siku tatu au nne, malazi, chakula na mafuta ya kuvuka nchi nzima, na mwisho wake huenda wale ambao wazazi wao wanacho, wenzao wakabaki bwenini. Basi la kutoka Bungoma hadi Webuye, au kutoka Kiminini hadi makumbusho ya Kitale, huondoka baada ya uji na kurudi kabla ya chakula cha jioni, na darasa zima laweza kupanda. Kuhusu mtihani, mtaala wa umilisi tulio nao sasa unadai kwamba mwanafunzi ajifunze kwa mazingira yake. Mazingira ya mtoto wa Misikhu ni yapi kama si kilima anachokiona akitoka mlangoni?

Mzee aliyetuongoza Chetambe hatuongozi tena. Miguu imekataa kupanda. Wanaoweza kuonyesha mtaro ulipoanzia na lango lilipokuwa wanapungua, na mtaro wenyewe hujaa udongo kila masika. Kaunti huitisha vikao vya kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu bajeti, na aghalabu huko huzungumzwa barabara na zahanati, kama ipasavyo. Katika kikao kijacho cha Webuye nitahudhuria na ombi dogo lisilozidi bei ya meza chache za ofisi: kibao cha Kiswahili, Lubukusu na Lutachoni, mpimaji wa kuweka alama mahali mtaro unapopita, na posho ya vijana wawili wakae na wazee mwezi mmoja wakiwa na kinasa sauti.