Shinikizo la Juu la Damu: Udhibiti Unaanzia Kwenye Pakiti ya Chumvi

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Familia ya watu watano inayonunua pakiti ya chumvi ya nusu kilo inapaswa kukaa nayo kwa siku zisizopungua 20. Hesabu hiyo inatokana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) unaoelekeza kuwa mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi kisichofikia kijiko kimoja cha chai. Watoto wanahitaji pungufu ya hapo. Pakiti inapokwisha ndani ya wiki moja, kaya hiyo inakula chumvi maradufu ya kiwango kinachoshauriwa, au zaidi.

Jambo hilo si dogo. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika nchini mwaka 2012 ulionesha kuwa takribani mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na shinikizo la juu la damu. Kwa upande wa dunia, WHO inakadiria kuwa watu bilioni 1.4 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na tatizo hilo mwaka 2024, na ni takribani mmoja tu kati ya watano ambaye shinikizo lake limedhibitiwa.

Mtu huhesabiwa kuwa na tatizo hilo pale vipimo vya siku tofauti vinapofikia 140 kwa 90 au zaidi. Kwa kuwa mara nyingi halina dalili, wengi hulitambua baada ya kupata kiharusi, moyo kushindwa kufanya kazi au figo kuharibika. Mgonjwa ambaye figo zimeshindwa huhitaji kusafishwa damu mara kadhaa kwa wiki, mzigo ambao familia nyingi haziwezi kuubeba peke yake.

Chumvi ina madini ya sodiamu ambayo huufanya mwili kuhifadhi maji. Maji hayo huongeza ujazo wa damu, na msukumo wake kwenye kuta za mishipa hupanda. Madini ya potasiamu hufanya kazi kinyume chake kwa kuzisaidia figo kutoa sodiamu kupitia mkojo. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1997 ulibaini kuwa mlo wenye matunda na mboga kwa wingi, pamoja na maziwa yenye mafuta kidogo, ulishusha kipimo cha juu cha wagonjwa kwa wastani wa alama 11 ndani ya wiki nane, bila kupunguza chumvi. Utafiti uliofuata wa mwaka 2001 ulionesha kuwa chumvi ikipunguzwa pia, shinikizo hushuka zaidi.

Vyakula vyenye potasiamu vinapatikana katika masoko ya hapa nchini: maharage, ndizi, viazi vitamu, mchicha, matembele, parachichi na machungwa. Ugumu uliopo ni namna vinavyopikwa. Katika nchi ambazo chumvi nyingi hutoka viwandani, Serikali huweza kukubaliana na wazalishaji wa mkate na soseji wapunguze kiwango. Kwa kaya nyingi za Tanzania, chumvi huingia kupitia sufuria na kopo lililo mezani, mahali ambapo kanuni za viwanda hazifiki. Uamuzi unabaki kwa mpishi na kwa wale wanaoongeza chumvi kabla hata ya kuonja.

Zipo pia sodiamu zisizotambulika kirahisi. Magadi yanayowekwa kwenye maharage, makande au kisamvu ili viive upesi yana sodiamu, kama ilivyo kwa viungo vya mchuzi vya pakiti. Samaki waliokaushwa kwa chumvi wanafaa kulowekwa na maji yake kumwagwa kabla ya kupikwa. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, giligilani na pilipili huweza kurejesha ladha, na ulimi huzoea chumvi kidogo baada ya wiki chache.

Kupunguza chumvi hakumaanishi kuacha chumvi yenye madini joto na kutumia isiyo nayo. Madini hayo hukinga dhidi ya tezi la shingo na kulinda ukuaji wa akili ya mtoto, hivyo kinachobadilika ni kiasi na si aina. Aidha, kumpikia mgonjwa chungu chake peke yake mara nyingi hakudumu, kwa kuwa huongeza gharama na kumtenga na wenzake. Chungu kimoja chenye chumvi kidogo humsaidia mgonjwa na kuwakinga wengine.

Hata hivyo, mlo haumpi mgonjwa ruhusa ya kuacha dawa. Kipimo kikirudi katika hali ya kawaida, mara nyingi ni kwa sababu dawa zinafanya kazi, na mabadiliko yoyote hufanywa na daktari. Wenye matatizo ya figo wanapaswa kupata ushauri kabla ya kuongeza vyakula vyenye potasiamu nyingi au kutumia chumvi mbadala yenye madini hayo, kwa sababu figo dhaifu hushindwa kuyaondoa.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inalenga kumwondolea mwananchi mzigo wa kulipia matibabu papo kwa hapo. Lakini shinikizo la juu la damu kwa kawaida hutibiwa maisha yote, hivyo kila anayekingwa mapema hupunguza mzigo wa mfuko ambao wote wanautegemea.

Hatua ya kwanza ni kupima shinikizo katika kituo cha afya kilicho karibu, hata kwa asiyejisikia kuumwa. Ya pili inafanyika nyumbani: kuandika tarehe kwenye pakiti ya chumvi siku inapofunguliwa, kisha kuhesabu siku hadi itakapokwisha.